Hoki ya Barafuni: Kwa Nini Kijana Mwenye Kipaji Ndiye Anayerudishwa

Jioni ya tarehe 7 Julai 2022, ukumbi wa Bell Centre mjini Montreal ulifurika watu waliokuja kusikia jina moja. Klabu yao, Canadiens, ilikuwa na chaguo la kwanza katika drafti, yaani ule utaratibu ambao klabu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, hugawana vijana kwa zamu. Kwa miezi mingi jina lililotajwa lilikuwa la Shane Wright, mshambuliaji wa kati wa Kingston Frontenacs, mtoto wa Ontario. Canadiens wakapanda jukwaani wakamwita Juraj Slafkovský, Mslovakia mwenye umbo la mlango aliyekuwa akichezea TPS ya mji wa Turku, Finland. New Jersey wakampita Wright. Arizona nao wakampita. Seattle Kraken wakamchukua nafasi ya nne.

Kesho yake mazungumzo yote yalikuwa juu ya nani kadharauliwa na nani kabahatika. Jambo lililokuwa zito zaidi halikuwa na kelele. Slafkovský alitoka Ulaya. Wright alitoka katika ligi za vijana za Kanada. Kwa hiyo Mslovakia, klabu ikiona bado hajaiva, angeweza kupelekwa Laval, kando tu ya Montreal, akacheze na watu wazima katika ligi ya pili iitwayo AHL. Mkanada hakuruhusiwa. Yeye alikuwa na milango miwili tu: abaki NHL pamoja na wanaume wa miaka 30, au arudi Kingston akacheze na wavulana ambao wengine wana miaka 16. Umri ule ule, drafti ile ile, sheria mbili.

Kilichompata Wright msimu huo kinafanana na mchezo wa kombolela. Oktoba alianza na Seattle. Akapewa dakika chache, kisha akawekwa jukwaani akiwa mzima wa afya kwa mechi tano mfululizo. Hapo klabu ikaona upenyo: mchezaji aliyekosa mechi anaweza kupelekwa ligi ya chini kwa siku zisizozidi 14 ili arudishe makali. Wright akaenda kwa timu tanzu ya Seattle, Coachella Valley Firebirds, akacheza mechi tano na kufunga mabao manne. Siku zikaisha, akarudi juu. Tarehe 6 Desemba akafunga bao lake la kwanza la NHL, na kipa aliyetunguliwa alikuwa wa Montreal. Siku chache baadaye akaondoka tena, safari hii kuwa nahodha wa Kanada katika mashindano ya dunia ya vijana, na medali ya dhahabu ikaangukia siku ile ile aliyotimiza miaka 19. Kisha akarudishwa Kingston, ambao mara moja wakambadilisha na wachezaji wa Windsor. Windsor wakatolewa raundi ya kwanza ya mtoano, na hapo ndipo sheria ikamfungulia tena njia ya Firebirds, akafika nao fainali ya AHL. Jezi nne kwa msimu mmoja, na katika safari hizo zote uamuzi wa kocha juu ya uwezo wake ulikuwa na sehemu ndogo mno.

Mashabiki hubishana kuhusu vijana kwa swali moja: ana kipaji kiasi gani? Anayepanga kikosi ana swali lingine: tukimshusha huyu, tunapoteza nini? Jibu likiwa "hatupotezi kitu," kijana huyo atashuka, hata kama ni bora kuliko aliyebaki. Nimefuatilia mchezo huu kwa miaka, na kadiri ninavyozisoma kanuni zake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba adui mkubwa wa chipukizi ni wepesi wake wa kuhamishwa. Ushindani unakuja nyuma ya hapo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hoki inayojulikana ni ile ya magongo kwenye nyasi, ingawa ya barafuni nayo si ngeni kabisa. Ice Lions wa Nairobi walijifunzia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Lakini mambo ninayoyaeleza hapa ni ya Kanada na Marekani, kwenye fedha na mikataba minene.

Tuanze na hesabu ya viti. NHL ina klabu 32. Kila klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 23 kikosini tangu msimu unapoanza hadi siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Baada ya hapo idadi haina kikomo ila mishahara bado inahesabiwa. Wanaovaa jezi siku ya mechi ni 20: makipa wawili na wachezaji wa ndani 18. Watatu wanaobaki huvaa suti na kutazama mechi kutoka juu. Nyuma ya hao 23 kuna wengine walio chini ya mkataba, kwani klabu moja haiwezi kuwa na mikataba ya kawaida zaidi ya 50 kwa wakati mmoja.

Viti hivyo vitatu vya jukwaani ndivyo vinavyowadanganya watu. Shabiki huona nafasi ya 21 au ya 22 ipo wazi na kuuliza kwa nini kijana wetu hakupewa. Kocha mwenye akili hampi, na hapa namuunga mkono. Mvulana wa miaka 20 anayekaa jukwaani wiki tatu anapoteza wiki tatu za kukua. Kiti kile hupewa mzee wa miaka 33 anayelipwa mshahara wa chini, aliyekwisha kuwa alivyo, asiyeharibika kwa kusubiri. Kwa hiyo nafasi halisi za chipukizi ni zile 18 tu, tena nyingi zimekaliwa na watu wenye mikataba ya miaka mingi ambao hakuna wa kuwaondoa.

Juu ya idadi kuna fedha. Ukomo wa mishahara kwa klabu moja msimu wa 2025-26 ni dola milioni 95.5, na msimu unaofuata umepangwa kuwa milioni 104. Wakati wa janga la korona ukomo huo uliganda kwenye milioni 81.5, na miaka hiyo ya ukame ndiyo iliyowapandisha vijana wengi wasiotarajiwa. Sababu ni rahisi: mkataba wa kuanzia una kikomo chake. Kijana aliyechaguliwa mwaka 2022 hakuweza kulipwa mshahara wa msingi uliozidi dola 950,000 kwa mwaka, hata angekuwa na miguu ya dhahabu. Klabu iliyokwishalipa nyota wake wanne inahitaji watu wa bei hiyo kujaza nafasi zilizobaki. Kwa kijana mwenyewe tofauti ya kupanda na kushuka inaonekana kila siku ya malipo: kwa mshahara wa chini kabisa wa NHL mtu anapata zaidi ya dola 4,000 kwa siku ya msimu, na akishushwa AHL kwa mkataba huo huo wa kuanzia anarudi kwenye mia chache.

Hapo sheria inaonekana kumpendelea kijana: ni wa bei nafuu, basi apande. Lakini unafuu huo huo ndio unaofanya iwe rahisi kumrudisha.

Kizuizi cha kwanza, nacho ndicho kibaya zaidi kwa maoni yangu, ni makubaliano kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada, zinazojulikana kwa pamoja kama CHL. Mchezaji aliyechaguliwa akitokea huko haruhusiwi kucheza AHL kwa msimu mzima hadi awe ametimiza miaka 20 ifikapo tarehe 31 Desemba, au awe amemaliza misimu minne ya ligi ya vijana. Msingi wake si siri. CHL ni ligi tatu zenye timu kama 60, nyingi ziko katika miji ya wastani kama Kingston, Red Deer, Moose Jaw na Rimouski. Watu wa huko hulipa kiingilio kumwona mvulana atakayekuwa nyota. Ukimchukua akiwa na miaka 18 na 19, umechukua bango lao la tangazo. Klabu za NHL zinazihitaji timu hizo kwa sababu ndizo zinazowalea vijana hawa tangu wakiwa na miaka 16, hivyo zikakubali kuwaachia bidhaa kwa miaka miwili zaidi.

Makubaliano ya kibiashara hayana ubaya. Tatizo ni nani anayelipa gharama yake. Anayelipa ni yule kijana aliyekwisha kuwa mkubwa kwa ligi ya vijana lakini hajawa mkubwa wa kutosha kwa NHL, na kwa kawaida vijana wenye kipaji wa miaka 19 wako hasa katika hali hiyo. Anarudi kwenye ligi ambako kisahani, ndicho mpira wa mchezo huu, kinamfuata chenyewe, anajifunza kushika fimbo kwa madaha, anazoea nafasi ambayo hakuna beki wa NHL atakayempa. Anafunga mabao 50 na hajifunzi kitu.

Aliyechaguliwa akitokea Ulaya hana shida hiyo. David Pastrnak alichaguliwa na Boston mwaka 2014 katika nafasi ya 25, akitokea Södertälje ya Sweden. Msimu uliofuata, akiwa na miaka 18, alipelekwa Providence katika AHL, akacheza mechi 25 na kupata pointi 28, yaani mabao na pasi za mabao kwa jumla, kisha akapandishwa Boston na kucheza mechi 46. Alijifunza na watu wazima, alipoiva akapanda, bila kungoja siku yake ya kuzaliwa. Pastrnak angelelewa Ontario, ile Providence isingekuwepo katika njia yake.

Na siku ya kuzaliwa si maneno ya mzaha. Drafti ina tarehe yake ya kukata umri, 15 Septemba. AHL ina yake, 31 Desemba. Tarehe hizo mbili hazilingani, na katikati yake vijana huangukia upande mmoja au mwingine kwa bahati ya uzazi. Wright alizaliwa tarehe 5 Januari 2004. Mwenzake aliyezaliwa Novemba 2003 aliingia katika drafti ile ile ya 2022, lakini kufikia msimu wa 2023-24 alikuwa huru kucheza AHL, kwa kuwa angetimiza 20 kabla ya mwaka kwisha. Wright alipungukiwa na siku tano. Ilibidi iombwe ruhusa maalumu, ikatolewa, akacheza msimu huo Coachella Valley na kufunga mabao 22 katika mechi 59. Sheria inayohitaji ruhusa maalumu kwa mtu aliyepungukiwa na siku tano inajieleza yenyewe.

Watetezi wa kanuni hiyo husema kijana wa miaka 18 au 19 akipelekwa kwa watu wazima ataumia, ataonewa, atapoteza kujiamini. Ilikuwa hoja isiyopimika hadi korona ilipoipima kwa lazima. Msimu wa 2020-21 ligi ya Ontario haikuchezwa kabisa na ligi ya magharibi ilichelewa kuanza, hivyo vijana wakaruhusiwa AHL. Quinton Byfield akaenda Ontario Reign ya California, akacheza mechi 32 na kupata pointi 20. Cole Perfetti akaenda Manitoba Moose, mechi 32, pointi 26. Seth Jarvis, mwenye miaka 19, akavaa jezi ya Chicago Wolves mechi tisa tu na kuondoka na mabao saba na pasi nne za mabao. Kisha ligi yake ya vijana ikafunguliwa, akarudishwa Portland akiwa ndiye anayeongoza kwa kufunga kikosini. Hakuna aliyevunjika. Wote watatu wakawa wachezaji wa kudumu wa NHL. Sisemi kwamba mechi zile za AHL ndizo zilizowafikisha. Walikuwa wateule tangu mwanzo, na msimu ule ulikuwa wa ajabu kwa kila mtu. Lakini lile zimwi lililoogopwa halikutokea.

Kizuizi cha pili kimejificha ndani ya mkataba wenyewe, na kinafanya kazi kwa kuhesabu mechi. Anayesaini akiwa na miaka 18 au 19 anapewa mkataba wa miaka mitatu. Akicheza chini ya mechi 10 za NHL msimu huo, mwaka hauhesabiki. Mkataba unasogea mbele kama ulivyo, mara moja kwa aliyesaini na miaka 19, na hata mara mbili kwa aliyesaini na miaka 18. Akicheza ya kumi, saa inaanza kugonga. Ndiyo maana kila Oktoba utasikia habari za "majaribio ya mechi tisa." Kijana anacheza tisa, anapongezwa, anapigwa begani, anapandishwa ndege kurudi nyumbani. Mabao yake katika mechi hizo yana uzito, siwezi kukana, ila mizani haijawekwa kupima mabao. Imewekwa kupima kama klabu iko tayari kuanza kutumia mwaka wa bei nafuu leo, au iuweke kiporo kwa ajili ya siku ambayo timu itakuwa inawania kombe.

Mbele ya namba 10 kuna namba 40. Mchezaji akiwa kikosini kwa mechi 40 za msimu, huo unahesabiwa kuwa mwaka mzima wa utumishi, na miaka saba ya utumishi humfikisha kwenye uhuru wa kuhamia klabu aitakayo. Leon Draisaitl, Mjerumani aliyechaguliwa wa tatu na Edmonton mwaka 2014 akitokea Prince Albert katika ligi ya magharibi ya Kanada, aliachwa acheze NHL hadi Januari 2015. Kisha akarudishwa ligi ya vijana. Alikuwa amecheza mechi 37.

Kwa kweli alikuwa na pointi tisa tu katika mechi hizo, na kwa mchezo aliokuwa akionyesha, kurudishwa kulimfaa: alikwenda Kelowna, akatwaa ubingwa wa ligi ya magharibi, akawa mchezaji bora wa mashindano ya Memorial Cup, ya kumpata bingwa wa CHL, hata baada ya timu yake kufungwa fainali. Mwaka 2020 akapewa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi ya NHL nzima. Huwa namtaja Draisaitl kila ninapohisi ninawaonea wapanga vikosi. Kurudishwa si laana kila wakati. Ila tazama siku waliyochagua kumrudisha: kama ni mchezo wake tu uliotazamwa, angeweza kurudi Novemba.

Sasa tufike kwenye kanuni ambayo watu wengi huiona ya kikatili, nami naiona ndiyo rafiki wa kweli wa kijana: waiva. Mchezaji aliyekomaa hawezi kushushwa AHL kimyakimya. Kwanza huwekwa hadharani kwa saa 24, na klabu yoyote kati ya 31 nyingine inaweza kumchukua bila kutoa mchezaji wala chaguo la drafti. Wakijitokeza wengi, mwenye hali mbaya kwenye msimamo ndiye anayetangulia. Asipochukuliwa ndipo anashuka.

Vijana wamesamehewa utaratibu huo kwa muda. Aliyesaini akiwa na miaka 18 ana msamaha wa miaka mitano au mechi 160 za NHL, kutegemea kipi kitangulie. Wa miaka 20 ana miaka mitatu au mechi 160. Wa 22 miaka mitatu au mechi 70. Wa 24 miaka miwili au mechi 60. Makipa, ambao huchelewa kuiva, wanahesabiwa tofauti: aliyesaini na miaka 18 ana miaka sita au mechi 80. Na yule wa 18 au 19 akicheza mechi 11 kwa msimu, msamaha wake unafupishwa kuwa miaka mitatu kuanzia msimu huo.

Neno "msamaha" lenyewe linapotosha. Aliyesamehewa ni klabu. Kijana mwenye msamaha anapandishwa Jumanne na kushushwa Alhamisi bila mtu kuomba radhi, huku mwenzake wa miaka 26, ambaye kila mtu anajua kashindwa, anabaki juu kwa sababu akishushwa ataokotwa na jirani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Detroit mwaka 2013. Gustav Nyquist alikuwa na miaka 24. Miezi michache nyuma alikuwa ametwaa Kombe la Calder, la ubingwa wa AHL, na Grand Rapids, timu tanzu ya Detroit, na alikuwa amecheza mechi za mtoano za NHL. Hakukuwa na swali kama yuko tayari. Lakini kikosi kilikuwa kimejaa, na yeye bado alikuwa na msamaha wa waiva wakati wengine hawakuwa nao. Akarudishwa Grand Rapids. Alipandishwa Novemba baada ya majeruhi kupunguza watu, akafunga mabao 28 katika mechi 57. Piga hesabu ya msimu mzima wa mechi 82 unapata mabao 40. Detroit ilisifika kwa sera yake ya kuwaacha vijana waive hata kupita kiasi, na katika mengi ilikuwa sera nzuri. Kwa Nyquist ilikuwa jina zuri la tatizo la karatasi.

Geuza sasa uangalie upande wa pili, siku msamaha unapokwisha. Eeli Tolvanen, Mfini, alichaguliwa na Nashville mwaka 2017 nafasi ya 30. Kwa miaka alipanda na kushuka kati ya Nashville na Milwaukee, timu yao tanzu. Msimu wa 2022-23 msamaha ulikuwa umekwisha, dakika zake zimepungua, naye amesugua benchi. Desemba Nashville wakamweka kwenye waiva. Seattle wakamchukua bure. Katika sehemu iliyobaki ya msimu akacheza mechi 48 na kufunga mabao 16. Kijana yule yule, fimbo ile ile. Kilichobadilika ni kwamba klabu moja haikuweza tena kumficha chini, na nyingine ilikuwa na nafasi ya kumchezesha.

Arturs Silovs, kipa wa Latvia, hakufika hata kwenye waiva. Juni 2025 aliipa Abbotsford, timu tanzu ya Vancouver, Kombe la Calder na kuwa mchezaji bora wa mtoano. Mwezi mmoja baadaye Vancouver wakamtoa kwenda Pittsburgh, kwa mchezaji mmoja chipukizi na chaguo la raundi ya nne. Walikuwa na makipa wawili juu tayari, na Silovs asingeweza tena kushushwa bila kupita kwenye waiva. Vancouver walipoteza, Silovs akapata lango la NHL. Kila ninapomsikia mtu akilalamika kwamba waiva inazipokonya klabu matunda ya malezi yao, huwa nawaza: lalamiko hilo ni la mwenye shamba, na kijana si embe.

Ndiyo maana ningependa misamaha hii ifupishwe. Miaka mitano kwa aliyesaini na miaka 18 ni mirefu mno. Msamaha usipozidi miaka mitatu kwa yeyote, klabu ingelazimika kuamua mapema, na vijana wasingekaa chini miaka yote hiyo wakisubiri mtu avunjike mguu.

Huko chini nako kuna kanuni yake, na hii naisifu. Kati ya wachezaji 18 wa ndani wanaovaa jezi katika mechi ya AHL, angalau 13 lazima wawe wa daraja la kukuzwa: 12 kati yao wasiwe wamezidi mechi 260 za kulipwa msimu unapoanza, na mmoja asizidi 320. Kwa hiyo wakongwe hawawezi kuwa zaidi ya watano. Bila kanuni hiyo kila kocha wa AHL anayetaka kombe angejaza watu wa miaka 30. AHL hujivunia kwamba karibu wachezaji 9 kati ya 10 wa NHL wamepitia kwake, na kanuni hii ni sehemu ya sababu. Ina makali yake pia. Msimu wa AHL una mechi 72. Katika miaka mitatu na nusu hivi mtu anazimaliza 260. Akiwa na miaka 24 au 25 anageuka mkongwe kwa mujibu wa kalamu, anaanza kugombea viti vitano, na wengi hufungasha kwenda Ulaya.

Jambo la umbali nitaligusa tu. Majeruhi akipatikana saa tano asubuhi, anayeitwa ni yule anayeweza kufika jioni. Manitoba Moose wanacheza katika ukumbi mmoja na Winnipeg Jets. Vancouver kwa miaka waliiweka timu yao Utica, jimbo la New York, upande wa pili wa bara. Mwaka 2021 wakaihamishia Abbotsford, mwendo wa gari. Kijana wa Abbotsford leo anapata mechi moja moja ambazo kijana wa Utica alizikosa kwa ajili ya ratiba za ndege.

Ukuta wa miaka 19 sasa umeanza kupasuka, na sidhani kilichoupasua ni huruma ya NHL. Novemba 2024 chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kiliamua kuwaruhusu wachezaji wa CHL kuingia hoki ya vyuo kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Hadi hapo aliyegusa CHL alikuwa amejifungia vyuo. Mara tu mlango ulipofunguliwa, Gavin McKenna, kijana aliyesemwa kuliko wote wa rika lake, akaihama Medicine Hat ya CHL akaenda chuo cha Penn State. Timu za vijana zikagundua kwamba nyota wao anaweza kuondoka hata bila AHL, na hoja ya kumzuia kwa ajili ya viingilio ikapoteza nusu ya uzito wake.

Makubaliano mapya kati ya NHL na chama cha wachezaji yaliridhiwa Julai 2025 na yanaanza kutumika Septemba 2026. Humo, kila klabu itaruhusiwa kupeleka AHL mchezaji mmoja wa miaka 19 kutoka CHL kwa msimu. Mmoja. Ni hatua ya maana, na chini yake Wright asingehitaji ruhusa maalumu msimu wa 2023-24. Lakini klabu zinazojijenga upya ndizo zinazokusanya chaguo nyingi za juu, na ndizo hasa zinazojikuta na vijana wawili au watatu wa umri huo kwa mpigo. Klabu yenye wawili walio tayari itampeleka mmoja AHL, na mwingine atarudi Kingston au Red Deer, na sheria haisemi ni yupi.